Mvuke wa Saa Tisa

Wiki iliyopita nilipanda ngazi za ofisi yetu ya zamani kwa kisingizio cha kuulizia bei ya kusuka nywele, mimi niliyebakiza nywele za kuhesabika. Kwa miaka ishirini na miwili tulikaa pale, juu ya fundi baiskeli, vyumba viwili na baraza nyembamba ya kuanikia miavuli. Sasa ni saluni. Mahali ilipokuwa meza ya Kwanini pana mashine tatu za kukaushia nywele, zote zinanguruma, na mteja ni mmoja tu, amesinzia chini ya ile ya katikati. Nikajikuta nakadiria zinakula umeme kiasi gani. Dada wa saluni akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimechelewa. Akanitazama kama anavyotazamwa mzee anayeongea peke yake, na haki alikuwa nayo.

Kwanini ni mama aliyekuwa mwenzangu wa kazi. Jina hilo alipewa na mafundi wa kiwanda kimoja cha sabuni mwaka tulioanza, kwa sababu aliwauliza "kwa nini" mara nyingi hadi mmoja akamwomba ampe nafasi walau anywe maji. Alilipenda, akalizoea, mwishowe hata wanawe walimwita hivyo wakiwa wameudhika. Sasa amestaafu, anaishi kwa binti yake, na akinipigia simu swali linatangulia salamu.

Kibao cha mlangoni kilisema: Washauri wa Mikakati ya Nishati na Ubunifu wa Biashara. Maneno mengi, mlango mdogo. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda, hospitali au hoteli akiona mafuta na umeme vinammaliza, alituita tumwambie afanye nini kwa miaka mitano ijayo. Marehemu mama yangu aliwaeleza majirani kwamba mwanawe anawafundisha matajiri kuzima taa. Sikumsahihisha, hakuwa mbali na ukweli.

Mimi nilikuwa mtu wa vipimo. Nilikuwa na mita kumi na moja za kupimia umeme, maji na mvuke, kila moja ndani ya sanduku lake la mbao, na masanduku yote niliyatandika kitambaa laini kwa mkono wangu. Mke wangu alisema angalau mita zinalala pazuri. Watu waliniita Bwana Mita, lakini Kwanini aliniita Mhandisi, na akiwa na hasira aliniita Mhandisi Mheshimiwa.

Yeye alikuwa na kanuni moja. Kabla ya kuandika pendekezo lolote, alikaa zamu nzima mbele ya mtambo. Alibeba kiti cha kukunja, chupa ya chai na daftari, akakaa kuanzia zamu inapoingia mpaka inapotoka. Nusu ya kwanza hakumsemesha mtu. "Kwanza mashine iniambie," alikuwa akisema, "watu watanidanganya baadaye." Mimi niliona ni kupoteza siku. Nilimwambia mita zangu zinakaa usiku na mchana na hazihitaji chai.

Kisha tukaenda kwenye kiwanda cha barafu. Mwenyewe alitaka mkakati mkubwa, wenye ramani na michoro. Nilimtengenezea kurasa arobaini za michoro. Kwanini akakaa zamu moja mbele ya chumba cha baridi, akaona mlinzi anauzuia mlango usijifunge kwa kiti chake, kutwa nzima, baridi yote inatoka inakwenda kumpoza yeye. Akamuuliza kwa nini. Mlinzi akasema kitasa cha ndani kimevunjika mwaka wa nne huu, na yeye hana mpango wa kufa akiwa barafu. Ushauri wa Kwanini ulikuwa ukurasa mmoja: tengeneza kitasa. Mwenye kiwanda alikunja uso. "Nimeita washauri wawili waje kunieleza habari za kitasa?" Lakini alikitengeneza, na miezi miwili baadaye alituletea wateja watatu. Kurasa zangu arobaini nadhani alifungia barafu.

Nazikumbuka siku zile kwa uchungu mtamu. Tulikuwa watatu, mimi, Kwanini na karani wetu, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo aliyepiga chapa kwa kasi na kutoa maoni kwa kasi zaidi. Asubuhi fundi baiskeli alikuwa akijaza upepo magurudumu, na sisi juu tukisikia ile pampu tulijua kazi imeanza. Tulikuwa wadogo, wenye mdomo, tukiamini hakuna kiwanda kitakachotushinda. Ningepewa ruhusa ya kuishi tena miaka mitano ya maisha yangu, ningechagua ile, hata na ule mwaka mbaya ukiwemo.

Mwaka mbaya ulianza kwa habari njema. Kiwanda cha mablanketi, kikubwa kuliko chochote tulichowahi kukishauri, kilitaka mkakati wa kuachana na boila lake la zamani. Boila, kwa asiyejua, ni pipa kubwa la chuma linalochemsha maji kwa mafuta mazito na kutoa mvuke, na mvuke ndio uliokuwa ukiosha, kupaka rangi na kukausha sufu. Lilikuwa zee, linakunywa mafuta bila aibu. Kazi kama hiyo ingetupandisha daraja. Tatizo ni kwamba fundi mkuu wa boila lile alikuwa baba yake Kwanini.

Wafanyakazi walimwita Mzee Boila. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa iliyokuwa na rangi zamani. Alikuwa ametumikia pale miaka thelathini na moja na alibakiza miezi mitatu astaafu. Kwanini hakuficha jambo hilo. Alimwambia meneja mkuu siku ya kwanza kabisa. Meneja akacheka. "Ndiyo vizuri, mama. Mtoto wa nyumbani hafichwi kitu."

Nilifunga mita sita kiwandani. Wiki ikapita, Kwanini hajaenda kukaa. Jumatatu kichwa kilimuuma, Jumanne alikuwa na kikao, Jumatano kiti cha kukunja kilikuwa kimelegea mguu, na mimi nilikiona, kilikuwa kizima. Alhamisi nikamuuliza.

"Nitakaaje pale, Mhandisi?" akasema. "Nitoe daftari mbele ya baba yangu? Nimpime baba yangu kila anapoinua mkono, na vijana wake wanatazama?"

Nilipaswa kumwambia aende. Badala yake nilimwambia, "Wala huna haja ya kukaa. Nina mita sita pale." Nilisema kwa kumhurumia, lakini sitadanganya, nilifurahi pia. Kwa miaka yote kitasa kile cha barafu kilikuwa kimenikaa kooni, na sasa nilitaka tushinde kwa vipimo vyangu peke yake.

Mita zilionyesha jambo. Asilimia sita ya mvuke uliotoka kwenye boila haukufika kwenye mashine yoyote. Na haukupotea kidogo kidogo. Kwenye mchoro kulikuwa na nundu moja, kila siku, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu. Saa tisa ndipo zamu ya asubuhi ilipoipokeza zamu ya jioni. Kwanini aliutazama ule mchoro muda mrefu, kidole chake kikiwa juu ya nundu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Zamu zinapokezana," nikamjibu. "Wanapiga soga, wanaacha valvu wazi. Uzembe tu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kulipokea jibu la kwanza alilopewa. Akaandika, ukurasa wa kumi na nne, kwamba upotevu ule unatokana na uzembe katika uendeshaji wa boila wakati wa kubadilishana zamu. Alijipa moyo kwamba sentensi haina jina la mtu. Ripoti ikapendekeza boila lifungwe mwaka unaofuata, tukaipeleka, meneja akatushika mikono yote miwili, na karani wetu akanunua maua ya plastiki ya kuweka ofisini.

Siku ya pili meneja alitoa nakala ya ukurasa wa kumi na nne, akaupigilia msumari kwenye ubao wa matangazo pale getini, kati ya orodha ya likizo na tangazo la mechi. Akamwita Mzee Boila mbele ya wakuu wa idara. Akamwambia ataondoka na barua ya onyo kwenye faili, na cheti cha utumishi mwema asikitarajie. Cheti kile ndicho kila mstaafu wa pale alichokitundika sebuleni kwake. Tuliambiwa Mzee alisimama ameshika kofia, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akarudi kwenye boila.

Habari zilitufikia kwa simu, kutoka kwa mama yake Kwanini. Nilikuwa meza ya pili na sauti ya mama niliisikia. "Baba yako hajala tangu jana. Amekaa na kofia mapajani. Wewe umeandika nini, mwanangu?"  Kwanini aliweka simu chini, akakaa ameshika tama. Baadaye akaenda nyuma ya mlango akachukua kiti chake.

Kesho yake saa moja asubuhi tulikuwa kiwandani pamoja, mimi nikiwa na kisingizio cha kwenda kufungua mita zangu. Mzee Boila alitutazama sote wawili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Kisha akamuuliza bintiye, "Umefuata mita?"

"Nimekuja kukaa, Baba."

Mzee akamwonyesha mahali pasipo na joto kali, karibu na ukuta. Akaendelea na kazi. Kwa saa nane nzima hawakusemezana. Nilimwona akizunguka boila lake, anagusa hapa, anasikiliza pale, anafuta kioo cha geji, kile kipimo cha msukumo wa mvuke, kwa kitambaa safi alichokitoa mfukoni na kukikunja tena. Chumba chote kilikuwa safi kuliko jiko la nyumbani kwangu, na hilo mke wangu asilisikie.

Saa tisa king'ora kikalia. Zamu ya jioni ikaingia, watu wanne. Wakasoma daftari, wakakagua valvu moja moja huku wenzao wakitaja kwa sauti iko vipi, wakatia sahihi, zamu ya asubuhi ikatoka. Nilitazama saa yangu. Dakika nne. Hakuna aliyepiga soga, hakuna valvu iliyobaki wazi. Aibu ilianzia shingoni ikapanda hadi masikioni.

Ndipo Mzee, ambaye zamu yake ilikwisha na angeweza kwenda zake, akapita nyuma ya mapipa matupu ya mafuta. Tukasikia gurudumu dogo likizungushwa, mara mbili na nusu. Sindano ya mita yangu ikapanda.

Kwanini akainuka. Nyuma ya mapipa kulikuwa na bomba jembamba, limefungwa vipande vya mablanketi mabovu ili joto lisitoke, vimeshonwa kwa uzi mnene, mishono midogo midogo. Akaliwekea mkono, akalifuata. Lilipenya ukutani, likapita kando ya uzio, likaingia uani kwa jirani, na jirani huyo ni kituo cha afya. Tukazunguka kwa nje. Bomba liliishia kwenye chumba cha kufulia cha wodi ya wazazi, ndani ya tangi la maji, na maji yalikuwa yanachemka. Shuka za wazazi zilikuwa zimerundikwa zikisubiri zamu yake, na pembeni zimepangwa ndoo ndogo za kuogeshea watoto wachanga.

Mkunga mkuu, mama wa mikono minene, alitutazama mara moja akadhani ametutuma Mzee. "Afadhali mmekuja," akasema. "Mwambieni leo nina wazazi tisa. Kama inawezekana asifunge mpaka saa kumi na moja."

Kwanini alisema tutamwambia. Alipogeuka nilimwona machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Tulimkuta Mzee ameketi juu ya pipa, anasubiri saa kumi na nusu afunge valvu yake.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ulikuja kuniuliza?"

 Mzee mwenyewe akaona ni vyema aendelee. Akaeleza polepole, kama mtu anayepokeza zamu. "Mama yako alijifungulia mdogo wako pale. Maji yalikuwa baridi. Alinisema wiki nzima, ungefikiri mimi ndiye niliyeyapoza. Basi nikaokota vipande vya bomba, nikaunganisha. Saa tisa mashine zote zinasimama kupokezana na kusafishwa, mpaka saa kumi na nusu mvuke unazidi. Usipokwenda kule unatoka bure juu ya paa. Meneja wa wakati ule alijua, akafumba jicho. Huyu wa sasa hajui."

"Nitaandika upya. Nitaeleza kila kitu, hata huo mvuke kwamba ungetoka bure."

"Hutaeleza." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Mzee akikaza sauti. "Huyu alikata bomba la maji ya getini kwa msumeno, watu wamesimama na ndoo zao. Akisoma kuna bomba jingine, kesho msumeno uko hapa. Uzembe hana pa kuukatia. Acha neno lako likae pale lilipo."

"Na cheti chako?"

"Cheti karatasi tu, mama. Chai nitakunywa bila cheti."

Alikuwa anadanganya, na sote watatu tulijua. Mtu aliyefuta kioo cha geji kwa miaka thelathini na moja anataka walau mtu mmoja aseme kilikuwa kinang'aa.

Tulirudi ofisini. Kwanini akakaa mezani, akafuta, akaandika, akafuta. Jioni akanipa karatasi moja. Nimeihifadhi nakala yake hadi leo.

"Kuhusu uzembe uliotajwa ukurasa wa kumi na nne: uzembe huo ulikuwa wa mshauri, si wa waendesha boila. Kanuni yetu ni kukaa zamu nzima penye mtambo kabla ya kusema lolote juu ya wanaouendesha. Safari hii mshauri hakukaa. Alipokaa, aliona zamu zikipokezana kwa dakika nne bila valvu hata moja kuachwa wazi. Tunaliondoa neno hilo, na tunamwomba radhi fundi mkuu wa boila."

Chini kulikuwa na nafasi mbili za sahihi. Moja alikwisha kuijaza.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia barua hii ikitoka, watu watasema mita zetu zinaota. Nilimwambia sijawahi kufunga mita iliyokosea, na kwamba anachoma ofisi ya watu watatu kwa ajili ya karatasi ya kutundika sebuleni. Hilo la mwisho nalijutia mpaka kesho.

Hakunijibu kwa ukali. "Mita zako hazikukosea, Mhandisi. Zilisema mvuke umeondoka. Mimi na wewe ndio tuliosema ni uzembe. Nionyeshe neno moja hapo lisilo kweli."

Nikasoma tena. Halikuwapo. Nikashuka chini, nikamzunguka fundi baiskeli na duka lake mara mbili, yeye akanitazama asiniulize. Nikapanda, nikatia sahihi. Karani aliipiga chapa akinung'unika kwamba tunajichimbia kaburi kwa herufi nzuri.

Meneja aliisoma mbele yetu. "Basi mvuke wangu unakwenda wapi?" akauliza.

"Umekubali kulifunga boila mwakani," Kwanini akasema. "Ukilifunga, hautakwenda popote."

Aliwaza kidogo, akaona hesabu inamridhisha. Boila lingefungwa, basi mvuke wa mwaka mmoja haukumuumiza kichwa. Lakini hakutusamehe kumwaibisha mbele ya wakuu wa idara. Kwanini akaomba kitu kimoja tu, barua ibandikwe ubao uleule, msumari uleule. Meneja akasema abandike mwenyewe kama anaona raha. Akaenda akabandika mwenyewe, saa nane na nusu, watu wakiwa wanaingia.

Mzee Boila aliitwa na vijana wake. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa kile kitambaa cha geji, akaiweka mfukoni.  Akaingia ndani, maana saa tisa ilikuwa inakaribia.

Cheti alipewa. Sisi tulipewa ukimya. Habari zilisambaa kwamba wale washauri wa juu ya fundi baiskeli hawajui wanachopima. Kiwanda cha saruji kilituandikia kwamba kimeahirisha, kiwanda cha bia hakikuandika kabisa. Kwa miezi minane simu ililia zaidi kwa ajili ya karani kuliko kwa ajili yetu. Nilivaa suti kila asubuhi nije kutazama maua ya plastiki. Sikumlaumu Kwanini kwa mdomo, lakini nyumbani nilimlaumu sana, na mke wangu ndiye aliyemtetea mbele yangu.

Kilichomuumiza yeye hakikuwa simu. Baba yake alikuwa amestaafu, anakuja kumtembelea, anawabeba wajukuu, anasifia chai. Habari ya barua haitaji. Habari ya lile neno haitaji. Miezi ikapita hivyo. "Ananisemesha kama mgeni mwema," Kwanini aliniambia siku moja, "na mimi sijui nianzie wapi." Alikuwa ameshauri watu wazima wenye viwanda, na hakujua namna ya kumwanza mzee mmoja mwenye kofia.

Tangu Mzee astaafu vijana wake ndio waliofungua ile valvu, lakini sasa boila likakaribia kufungwa, na wodi ya wazazi ingerudi kwenye maji baridi. Kwanini akachora mpango bila kuombwa na mtu: masanduku ya vioo ya kuchemshia maji kwa jua juu ya paa la wodi, tangi lililofungwa vizuri, na maji yatakayozidi wauziwe wenye nyumba ya wageni ya jirani, ili kituo kipate cha kununulia vipuri. Mkunga mkuu alijua kuomba kuliko serikali inavyojua kudai. Alipata vioo vyenye mikwaruzo visivyouzika, akapata na tangi. Mimi nililalamika, nikapima paa. Hatukujua kwamba kazi ile ndiyo ingetupa mkate kwa miaka yote iliyobaki. Baada yake zikaja shule, zahanati, nyumba za kuoka mikate. Wakubwa hawakurudi, na baada ya muda tukaacha kuwangoja.

Tulifunga masanduku yale Jumapili asubuhi. Mzee Boila alitokea bila kualikwa, na kisanduku chake cha zana. Akapanda ngazi akiwa na umri ule, akatusukuma kando, akaanza kukaza viungo vya bomba. Kwanini akawa anamshikia. Mimi nilikuwa katikati ya ngazi, nimekumbatia kikopo cha nati, kichwa changu sawasawa na ukingo wa paa, na hapakuwa na njia ya kupanda wala kushuka bila kuwakatisha.

"Lile neno," Mzee akasema bila kuinua macho kutoka kwenye bomba. "Siku ulipoliandika, ulijua ni mimi?"

Nilimwona Kwanini akifumba macho. Ilikuwa rahisi kusema hakujua. Sentensi haikuwa na jina.

"Nilijua, Baba."

Mzee akakaza nati moja mpaka mwisho. Akaiacha, akashika nyingine.

"Mimi nilimwambia mama yako hukujua. Nilimwapia kabisa. Nilimwambia yule angejua ni mimi, angekuja kuniuliza kwanza."

Kwanini alikuwa analia waziwazi sasa, mikono yote miwili kwenye bomba, hawezi hata kujifuta.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Nitakwenda leo nimwambie."

"Usimwambie," Mzee akasema. "Yeye aendelee na hiyo ya kwangu."

Akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nikampa nati. Kisha akamwambia bintiye ashike vizuri, linateleza.